Matunzo ya tovuti kwa mwaka, Kigoma Mjini: Sh 450,000 inalipia nini hasa?

Kifurushi tunachokipima hapa kinauzwa na fundi wa tovuti wa Mwanga, na wateja wake wengi ni loji zinazopokea wageni wa Gombe na Mahale. Kazi yake ya kutengeneza ni safi, kurasa zinafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ndogo. Shida inaanza mwaka wa pili, ankara inapokuja na mstari mmoja tu: "Hostingi na matunzo, Sh 450,000."

Tuuvunje huo mstari. Domeini, yaani jina la tovuti, ya .co.tz kwa kawaida haifiki Sh 50,000 kwa mwaka, ya .com ni kati ya dola 10 na 20. Hostingi ya kushirikiana, yaani nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) mnayoitumia na wengine, inayotosha loji ya vyumba kumi na tano, hupatikana kwa Sh 100,000 hadi 200,000. Cheti cha SSL, kile kinacholeta alama ya kufuli, wengi wanakipata bure kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, na seva inakihuisha yenyewe kila baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo ukiona kimeandikiwa bei kwenye ankara, uliza ni cheti gani. Kinachobaki, zaidi ya Sh 200,000, ni malipo ya mikono ya fundi. Si nyingi kama mikono hiyo inafanya kazi.

Kabla ya kuipima kazi hiyo kuna suala la umiliki, na hapa ndipo kifurushi hiki kinapopoteza alama nyingi. Domeini imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Akibadili kazi, akihamia Dodoma au mkikosana tu, taarifa za kuisha muda zinakwenda kwake, wewe huna habari. Na domeini ikifa haifi tovuti peke yake: barua pepe za info@ zinapita humohumo, nazo zinakatika siku hiyohiyo. Kwa .com bado kuna nafasi ya kuhuisha kwa bei ya kawaida, siku chache hadi 45 kutegemea msajili, yaani kampuni iliyokuuzia domeini. Kisha siku 30 za kuikomboa kwa faini. Kisha siku 5, halafu inaachiwa yeyote aichukue. Dai mambo mawili kabla ya kulipa: jina la biashara yako liwe kwenye nafasi ya mmiliki, na akaunti ya msajili ifunguliwe kwa barua pepe ambayo haitegemei domeini hiyohiyo. Fundi mwaminifu hatakataa, ataongezwa kama msimamizi wa kiufundi tu.

Bekapu, yaani nakala za akiba za tovuti, zimo, tena za kila siku, na kwenye karatasi zinapendeza. Ila zinahifadhiwa ndani ya akaunti ileile ya hostingi, sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Seva ikivamiwa au akaunti ikisimamishwa, tovuti na nakala zake zinaondoka pamoja. Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Tovuti yenye picha nyingi za ziwa na sokwe inafika GB 1.5 bila shida. Weka nakala saba kwenye nafasi ya GB 10 na diski imejaa. Diski ikijaa, sanduku la barua linakataa ujumbe mpya. Mgeni wa Ubelgiji anaandika kuulizia vyumba vya Agosti, barua inamrudia, anatafuta loji nyingine, na hapa Kigoma mnadhani msimu umekuwa mbaya. Dawa yake ni ndogo: nakala mbili tu zibaki kwenye seva, nyingine zitumwe Google Drive au kwenye diski ya ofisini, na kila miezi mitatu moja irudishwe kwenye anwani ya majaribio kuona kama kweli inafufuka. Picha nazo zipunguzwe kabla ya kupandishwa: upana wa pikseli 1600 na uzito chini ya KB 300 unatosha. Picha ghafi ya simu ina MB 4 au zaidi.

Kuhusu apdeti, fundi huyu anazifanya, ila anabonyeza zote kwa mkupuo mwishoni mwa mwezi. Ukurasa ukigeuka mweupe hajui plagini ipi, yaani programu ndogo ya nyongeza, imeleta balaa. Utaratibu unaofaa ni bekapu kwanza, kisha plagini moja baada ya nyingine, kisha mandhari (muonekano wa tovuti), kisha WordPress yenyewe, mfumo unaoendesha tovuti, na mwisho kujaza fomu ya oda kwa simu kuona kama inafika. Angalieni pia toleo la PHP, lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa nayo. La 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, la 8.1 mwisho wa 2025, na bado zipo tovuti zinazoyatumia. Siku kampuni ya hostingi ikilazimisha toleo jipya, mandhari ya zamani inaweza kugoma.

Leseni za plagini za kulipia zimo kwenye akaunti ya fundi. Ukimuacha, plagini nyingi zitaendelea kufanya kazi, lakini hazitapata apdeti, na tundu la usalama litabaki wazi. Hilo liandikwe kwenye mkataba.

Fomu ya oda imeachwa itume barua kwa njia ya kawaida ya seva. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, rekodi za domeini zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwake kweli, kwa hiyo oda zinaishia kwenye spamu. Kuunganisha SMTP, yaani fomu itume kupitia akaunti halisi ya barua pepe, na kuongeza rekodi hizo ni kazi ya saa moja, na ilipaswa kufanywa siku tovuti inakabidhiwa.

Ambacho hakimo kabisa ni usafi wa taarifa za wageni. Fomu inaomba namba ya pasipoti na inazirundika zote kwenye hifadhidata, miaka na miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na anayebanwa nayo kwanza ni mwenye loji. Ondoeni kabisa swali la pasipoti, litaulizwa mapokezi.

Saa mbili za marekebisho kwa mwezi zilizomo kwenye kifurushi zinatosha kubadili bei za vyumba na viingilio vya TANAPA, hazitoshi ukurasa mpya, na zisipotumika hazihamii mwezi ujao. Shule au muuza dagaa ambaye tovuti yake haiguswi mwaka mzima anunue domeini na hostingi mwenyewe, amwite fundi mara mbili kwa mwaka kwa malipo ya siku. Loji inayopata wageni kupitia fomu ilipe hiyo Sh 450,000, ila kwa ankara iliyochambuliwa na risiti ya EFD, na asiye na namba ya VAT asiongeze asilimia 18 juu yake. Ankara hii huja Juni, wageni wa Mahale wakianza kumiminika. Ombeni isogezwe Machi, domeini ilipiwe miaka mitatu kwa pamoja.