Uzoefu wangu: cherehani ya marehemu bibi kwa fundi wa Mwanjelwa

Cherehani hii ilikaa miaka mingi katika stoo moja huko Tukuyu, ambako mvua na ukungu haviachi chuma salama, na nilipoirithi gurudumu lake halikuzunguka hata kidogo. Fundi wa kwanza niliyemwendea hapa Mbeya aliitupia jicho tu, akanishauri nimuuzie kichwa kama chuma chakavu kisha ninunue kipya. Sikuridhika, nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye kibanda Mwanjelwa, na maoni haya yanahusu kazi yake.

Mzee hakushika bisibisi kabla ya kuitambua mashine. Jina la Singer lililoandikwa mbele hakulijali, kwa kuwa stika hubandikwa popote. Alisugua kwa kitambaa chenye mafuta upande wa kulia, mahali nguzo inapokutana na kitako, mpaka ikajitokeza namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ikianza na herufi EG. "Mwanangu, hii ni ya Uskoti," akasema. Herufi E ikifuatiwa na nyingine ilitumika katika kiwanda cha Clydebank, kilichofungwa mwaka 1980, kwa mashine za kuanzia 1935 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960; hata hivyo alinitahadharisha kwamba namba zilitengwa kwa mafungu, kwa hiyo mashine yenyewe huenda ilikamilika baadaye kidogo. Kisha akachomoa bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Ilikuwa ya mviringo, si ile nyembamba na ndefu inayolala ndani ya kipande chenye umbo la mtumbwi, na kwa hilo, pamoja na kikasha chake cha kuchomoa, akathibitisha kuwa ni muundo wa Singer namba 15. Hiyo ilikuwa bahati yangu, kwani cherehani za Butterfly za Shanghai zilifuata muundo huohuo, na kikasha cha bobini kilichokuwa kimevunjika kilipatikana duka la jirani.

Ukwamaji haukutokana na kutu pekee. Inaonekana mtu aliwahi kuipaka mafuta ya kula, pengine ya alizeti, nayo yakaganda kama gundi. Mzee alitia mafuta ya taa katika kila tundu, akaiacha usiku kucha, na asubuhi akalichezesha gurudumu mbele na nyuma taratibu bila kugonga nyundo popote. Chini ya meno yanayosukuma kitambaa alichokonoa vumbi la nyuzi lililoshikana mithili ya kipande cha blanketi. Mwisho akaipaka mafuta halisi ya cherehani, akanionyesha kuwa bapa la sindano hutazama kushoto na uzi huingia kutoka kulia. Mimi ningeiweka kinyume.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo. Msaidizi wake aliifuta kwa spiriti ili ing'ae, na spiriti ikayeyusha vanishi pamoja na nakshi za dhahabu, hivi kwamba upande wa mbele umebaki na nusu ya ua. Mzee aliomba radhi, akapunguza shilingi 10,000 kati ya 60,000 tulizokubaliana, lakini nakshi hiyo hairudi. Ukimpelekea yako, mwambie mapema, tena msaidizi akisikia, kwamba rangi isiguswe kwa chochote zaidi ya mafuta ya cherehani na kitambaa laini.

Mkanda mpya wa ngozi ulilegea wiki ya pili, nikaukata mwenyewe kama sentimita mbili. Tangu hapo inapita juu ya pindo la jinzi bila kuruka mshono.