Mimbari ya mninga isiyoweza kushika karatasi

Mwishoni mwa mwaka jana niliagiza mimbari ya kusomea hotuba katika karakana moja ya useremala hapa Tabora, kwa ajili ya mahafali ya shule yetu, na hasira yangu bado haijatulia. Mbao ni mninga halisi uliokauka vizuri, na nembo iliyochongwa mbele ilinifurahisha hata nikamsifu fundi mbele ya watu. Sifa hizo leo nazifuta.

Mwalimu wetu mstaafu, mzee asiyeweza kuinama bila mkongojo, alipanda kusoma risala yake. Hata ukurasa wa kwanza hajaumaliza, karatasi ziliteleza juu ya ule ubao wenye vanishi zikamwangukia miguuni zote, kwa sababu ukingo wa chini, kale kabao kembamba ka kuzuia karatasi, haukuwekwa. Watoto waliziokota zikiwa zimechanganyika, naye akasimama kimya akizipanga, mikono ikimtetemeka, mpaka akakata tamaa, akawashukuru wazazi kwa maneno machache na kushuka.

Nilipokwenda kulalamika, fundi hakuiweka chini hata randa yake. "Mwalimu, uliagiza mimbari, nimekutengenezea mimbari. Msomaji ashike karatasi zake."

Ni kweli kwamba neno lenyewe tulilipata katika Kiarabu, likiwa na maana ya mahali palipoinuka anaposimama msemaji, na katika kitabu cha Nehemia Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti. Lakini mimi niliagiza ya kusomea, na kazi yake ni kubeba maandishi ili mikono ya msemaji iwe huru. Marufaa ya madrasa, mbao mbili tu zilizopishana bila msumari hata mmoja, huupakata msahafu usianguke. Na katika makanisa mengi ya Uingereza Biblia hulazwa juu ya mabawa ya tai aliyechongwa, yaliyokunjuliwa ili yaibebe. Wote hao walianza na kitabu, urembo ukafuata.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale. Kwa haki, ningesema aende kuagiza kabati au kitanda, kwani fundi yule mbao anazijua. Lakini nikiikumbuka mikono ya yule mzee, hata kigoda simwagizi.

Ukingo umewekwa na fundi mwingine, wa upana wa vidole viwili, kwa skrubu tatu, nami nikiwa nimesimama namsubiri.