Mashine hii inabembeleza nguo, haifui

Nilishaamua kunyamaza, lakini leo nimetoa tena shati jeupe kwenye hii mashine ya mlango wa mbele na ile nongo ya kwenye kola iko palepale, mstari wa kahawia. Harufu ya sabuni, tele! Nimeifikicha kola kwa mkono kidogo tu, nongo imetoka. Sabuni ileile. Sasa mashine ilikuwa inafanya nini muda wote ule?

Nimekaa mbele ya kioo nikaitazama. Pipa linazunguka kidogo, linasita, linarudi. Nguo zinateleza chini, basi. Mashine za aina hii zinatakiwa zibebe nguo kwa zile mbavu za ndani ya pipa, zizipandishe karibu na juu, ziziachie zidondoke majini. Kule kudondoka ndiko kufua kwenyewe: nguo zinasuguana, maji yanasukumwa kupita kwenye nyuzi, na uchafu uliokwisha kulegezwa na sabuni unang'oka. Bila hilo umeloweka tu.

Halafu huyo fundi aliyekuja kuitazama. Namwambia nguo hazipandi, anacheka. "Mama, siku hizi sabuni ndiyo inayofua. Ongeza." Kifuniko cha nyuma hakukigusa, hata kuangalia kama mkanda unaozungusha pipa umelegea! Nikaongeza mbele yake. Povu likajaa kioo kizima, nguo zikawa zinaangukia povu kama zinaangukia godoro, na shati likatoka na nongo yake, tena linanata. Yeye alishaondoka.

Mkemia Mjerumani Herbert Sinner alilipanga jambo hili mwaka 1959, kwamba usafi unatokana na vitu vinne: kemikali (yaani sabuni), joto, muda na msukosuko. Kimoja kikipungua, vingine vifidie. Lakini sabuni ikizidi mpaka povu linaua msukosuko, imefidia nini?

Kusema haki, shuka inazitoa safi. Na nikiweka nguo chache, pipa likabaki na nafasi, hata mashati yana nafuu. Kwa hilo nilitaka kuipa nyota tatu. Ila mashine inauzwa kuwa ni ya familia, halafu nifue mashati mawili mawili? Mbili. Tena nikikikumbuka kile kicheko, moja, na hiyo ni ya shuka.

Mwenye mashine kama hii ambaye fundi wake alifungua kifuniko cha nyuma, tafadhali aseme alikuta nini.