Muvi ya mazombi ya 1968, waambieni wawawekee kwenye flashi

Wadau wa muvi hapa Kigoma, mkipita Mwanga kwa wale vijana wanaojaza muvi kwenye flashi ulizieni Night of the Living Dead ya mwaka 1968, George Romero ndo kaiongoza. Najua mkisikia haina rangi mtaisusa, msiisuse jamani, ile nyeusi na nyeupe ndo inaibeba, giza lake ni giza kweli, na damu yenyewe walitumia sharubati ya chokoleti lakini huwezi kujua kabisa.

Stori ndogo tu. Kaka na dada wameenda makaburini kwa baba yao, wanavamiwa, dada anakimbilia nyumba ya shambani anakuta na watu wengine asiowajua, nje wafu wanazidi kujaa. Mazombi wake hawana mbio kama wa siku hizi, mmoja akiwa peke yake unampita hata ukiwa na ndoo ya maji kichwani, shida ni kwamba wanaongezeka na hawachoki, na ule mwendo wao wa taratibu unakupa muda wa kuogopa vizuri.

Ila utamu wote uko ndani ya nyumba. Ben anataka wapigilie mbao madirisha wabaki hapohapo ili wakizidiwa wawe na pa kutokea, Cooper ana mke na mtoto mgonjwa anasema tushuke chumba cha chini tufunge mlango mmoja basi, na wote wana hoja, mimi na washkaji mpaka leo tunabishana nani alikuwa sahihi. Wanagombania bunduki na huku madirisha yanavunjwa!

Ben kachezwa na Duane Jones, mtu mweusi, Marekani, mwaka uleule aliouawa Martin Luther King, na muvi nzima hakuna anayetaja rangi yake. Na nyie mliokulia vibanda umiza mkijua steringi hafi, jiandaeni, sisemi zaidi.

Sijapenda ile habari kwamba wafu wanaamka kwa sababu ya miale ya chombo cha anga kilichotoka sayari ya Zuhura, wangeacha tu bila maelezo.

Ni dakika 96, na hata kuipakua ni halali maana wasambazaji walibadilisha jina la muvi wakasahau kuweka alama ya hakimiliki. Kopi zilizopakwa rangi ziacheni, chukueni ya asili, muiangalie usiku.