Programu ya kubana picha: ipi ununue, na kwa nini shuka jekundu linapauka

Malalamiko ya wenye kampuni za utalii Arusha na Moshi ni yale yale. Picha ilikuwa kali kwenye kamera, ikabanwa ili tovuti isiwe nzito, ikatoka imepauka. Shuka jekundu la Kimasai limekuwa rangi ya tofali, na msitu wa Kilimanjaro unaonekana kama umemwagiwa vumbi. Lawama zinamwangukia fundi wa tovuti, au simu ya mteja. Mara nyingi mkosaji ni programu iliyobana picha, na kosa lake halitajwi kwenye orodha nyingi za "programu bora": inatupa lebo ya rangi bila kuzigeuza rangi zenyewe.

Kamera kubwa huhifadhi rangi kwa sRGB, kipimo cha rangi cha kawaida cha mtandaoni, au kwa Adobe RGB, yenye nafasi pana zaidi ya rangi. iPhone, tangu iPhone 7 ya 2016, hutumia Display P3, nayo ni pana. Ndani ya faili hukaa lebo fupi inayoiambia skrini namba hizo zisomwe vipi. Lebo ikikatwa, kivinjari huichukulia picha kuwa ni sRGB, husoma namba zile zile kwa kipimo kidogo, na rangi zinafifia. Nyekundu na kijani huumia kwanza. Na kilichookolewa ni nini? Lebo ya Adobe RGB ina baiti 560. Faili la megabaiti 10 linaharibiwa rangi kwa ajili ya kitu kisichofika kilobaiti moja!

Kwa hiyo kabla hujalipa, jaribu. Tafuta picha ambayo jina lake linaanza na mstari wa chini, kama _DSC au _MG. Kamera huweka alama hiyo ikiwa imepiga kwa Adobe RGB. Ibane, kisha fungua ya kabla na ya baada kwenye kivinjari kimoja, uangalie nyekundu. Ikipauka, achana na programu hiyo hata kama inapunguza faili kwa asilimia 90.

Chaguo langu la kwanza ni Lightroom Classic ya Adobe, na kwa kampuni yenye picha mia za safari moja sioni ya kushindana nayo. Inageuza rangi kwanza, ndipo inabana. Kwenye dirisha la Export weka Color Space kuwa sRGB, Quality 75, Long Edge (upande mrefu) pikseli 2000, na Sharpen For Screen, kwa sababu picha ikipunguzwa hupoteza ukali kidogo. Pikseli ndizo zenye uzito: picha ya 6000 kwa 4000 ikishuka hadi 2000 kwa 1333 imebaki na sehemu moja ya tisa, kabla hata hujagusa ubora. Usishuke sana chini ya 70, maana anga la buluu nyuma ya Kibo litaanza kuonyesha ngazi ngazi.

Usiiwekee tiki Limit File Size, yaani kikomo cha uzito wa faili. Ukiiwasha, namba yako ya ubora haifuatwi tena. Programu inashusha ubora yenyewe hadi faili litoshe, na nyasi za Serengeti zenye vijani elfu ndizo zinazochakazwa. Kwenye Metadata, yaani maelezo yanayosafiri ndani ya faili, chagua Copyright Only ili jina la mpiga picha libaki. Ukichagua kubakiza maelezo mengine, weka tiki Remove Location Info. Picha ya faru wa kreta ya Ngorongoro haitakiwi kupanda mtandaoni ikiwa imebeba alama za mahali aliposimama.

Ya pili ni ShortPixel, ninayoipendekeza kwa tovuti zilizojengwa kwa WordPress tu. Inabana yenyewe kila unapopandisha picha. Ila hesabu vizuri zile picha 100 za bure kwa mwezi, kwani kila saizi inahesabiwa peke yake. WordPress hutengeneza saizi sita za kila picha kubwa. Ongeza ile kuu, ni saba. Mia inaisha kwenye picha ya 14, na watu wanadhani wameibiwa.

Ya tatu, JPEGmini, inawafaa wapiga picha wa harusi wanaomkabidhi mteja picha nyingi za ukubwa kamili. Haigeuzi rangi, ila lebo inaiacha mahali pake, na hilo linatosha.

Za bure: Squoosh ya Google ni nzuri, hubana ndani ya kivinjari bila kupandisha picha popote, lakini ni moja moja. TinyPNG ya bure inakataa faili linalozidi megabaiti 5, yaani nyingi zinazotoka moja kwa moja kwenye kamera.

Sasa bei. Wauzaji wanaokuwekea Lightroom ya wizi kutoka kwenye flashi wanakuuzia virusi pamoja na programu isiyopata masasisho, na kompyuta ikigoma hawapokei simu. Lakini Adobe nao wana mtego wao, na Juni 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki kwa kuuficha: mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi. Ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya miezi iliyobaki. Kampuni inayojiunga Julai wageni wakiwa wengi, ikataka kuacha Aprili masika yakianza, imebakiza miezi mitatu, hivyo inalipa mwezi na nusu wa kitu isichokitumia. Tena kwa dola, kwa kadi. Mpango huo hujihuisha wenyewe, kwa hiyo siku unayojiunga weka kikumbusho kwenye simu, wiki mbili kabla ya mwaka kwisha.