Uzoefu wangu: Treni ya Springfield sebuleni kwangu, Chikongola

Kwa muda mrefu niliamini kwamba katuni ni kitu cha kuwatuliza watoto wakati mboga haijaiva, na nisingeandika haya kama mjukuu wangu mkubwa, aliyekuja Mtwara kwa likizo ya Desemba akitokea Dar es Salaam, asingechomeka flashi yake kwenye televisheni yangu jioni moja nilipokuwa nikisubiri taarifa ya habari. "Bibi, hii moja tu," aliniambia, "ni dakika ishirini na kidogo." Wadogo zake walikuwa wamekwisha kujipanga mkekani, na dada yangu mkubwa alikuwa ameketi mlangoni na sinia lake akibangua korosho. Nilikubali kwa shingo upande. Usiku ule tuliitazama mara mbili, na kesho yake, watoto walipokwenda kuogelea, niliitazama tena peke yangu.

Mfululizo wenyewe unaitwa The Simpsons, na mbunifu wake ni Matt Groening. Ulianza mwaka 1987 huko Marekani kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mtu mwingine, ukasimama kwa miguu yake Desemba 1989, na baada ya miaka yote hiyo bado unatengenezwa. Ni habari za familia moja ya watu wenye ngozi ya manjano katika mji wa kubuni uitwao Springfield: Homer, baba mlafi na mvivu anayefanya kazi katika kinu cha nyuklia, mkewe Marge, ambaye nywele zake za buluu zimesimama kama mnara, Bart, mtoto mtundu, Lisa, binti mwenye akili kuliko wote nyumbani, na Maggie, mtoto mchanga. Sehemu tuliyoitazama ni ya msimu wa nne, nayo inaitwa "Marge vs. the Monorail", yaani Marge dhidi ya treni ya reli moja, ile inayopita juu ya nguzo. Iliandikwa na Conan O'Brien, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuendesha vipindi vya mazungumzo ya usiku, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1993. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, nami nilikuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la nne kwa taa ya chemli, kwa hiyo naomba nisichekwe kwa kuchelewa.

Kisa kinaanza pale mmiliki wa kinu, mzee tajiri Burns, anapokamatwa akificha taka za nyuklia katika bustani ya mji na kutozwa faini ya dola milioni 3. Fedha hizo zinakuwa za wananchi wote, na unaitishwa mkutano wa kuamua zitumiweje. Hapo ndipo niliposogeza kiti karibu na televisheni. Marge anasimama na kusema jambo la kawaida kabisa: barabara kuu ya mji imepasuka na kubomoka, basi na itengenezwe. Watu wanaelekea kukubaliana naye. Mara anajitokeza mgeni mmoja, Lyle Lanley, mwenye kofia na tai ya kipepeo, ambaye anasema kwamba alikuwa na wazo, lakini pengine linawafaa zaidi watu wa Shelbyville, ule mji jirani ambao Springfield inashindana nao tangu zamani. Basi yamekwisha. Meya na wananchi wanakuja juu kwamba wao wana akili kuliko hao wa Shelbyville, na Lanley, ambaye hajaomba hata senti moja, sasa anaombwa azungumze. Mjukuu alipotafsiri maneno hayo, dada yangu aliacha korosho na kusema, "Ni sawa na kutuambia sisi kwamba hilo linawafaa watu wa Lindi." Sidhani kama mtafsiri yeyote angeweza kufafanua vizuri zaidi.

Kisha Lanley anaimba. Wimbo umejengwa kwa mtindo wa kiitikio, yeye akitupa neno na umati ukilirudisha, na kila beti inaondoa hofu ya mtu mmoja: huyu ana wasiwasi wa kelele, yule anauliza kama njia inaweza kupinda, mwingine anataka kujua atapata nini, na kila mmoja anajibiwa kwa mstari mmoja wenye vina. Majibu hayana uzito wowote, lakini yana mapigo. Mimi nimekaa katika mikutano mingi, ya kijiji, ya kamati za shule na ya vyama vya korosho, na nathibitisha kwamba swali zuri haliuawi kwa hoja. Linauawa kwa kupigiwa makofi kabla halijamalizika. Marge anajaribu kukumbusha habari ya barabara yake, na mwanawe mwenyewe anamwambia kwamba umati umekwisha kusema. Nilicheka sana, kisha nikanyamaza, maana niliwahi kusimama katika kikao cha shule moja ambayo sitaitaja na kupendekeza kwamba fedha kidogo tulizopata zijenge matundu ya vyoo ya wasichana. Mzazi mmoja mwenye sauti nzuri akapendekeza geti la chuma lenye jina la shule. Geti lilijengwa, tena linapendeza.

Kipande kilichonigusa zaidi kama mwalimu ni kifupi, na watoto hawakukijali hata kidogo. Lanley anatembelea shule, na Lisa, mtoto wa darasa la pili, anamuuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria: mji mdogo, ambao watu wake wanaishi karibu karibu, una haja gani na usafiri wa umma wa namna hiyo? Lanley hamkemei wala hamdanganyi kwa takwimu. Anamwambia kwamba angeweza kumjibu, lakini jibu lenyewe wangelielewa wao wawili tu, hata mwalimu asingelielewa. Lisa anatabasamu, na swali limekufa. Amemvika mtoto kilemba cha ukoka, na mtoto mwenye akili kuliko mji mzima ameridhika nacho. Nimewahi kuona wakaguzi wakifanyiwa hivyo hivyo, na nakiri kwamba hata mimi nimewahi kufanyiwa.

Mambo yanayofuata nitayapitia haraka, kwa sababu uhondo wake uko katika kuyaona. Homer, ambaye siku zote alitamani kuendesha treni ya aina hiyo, anahudhuria mafunzo mafupi yasiyofundisha kitu na kukabidhiwa usukani. Marge anatembelea kibanda cha treni na kumkuta mumewe akiwaonyesha wanyama wadogo, wanaofanana na panya buku, waliofanya makazi pale ambapo pangetakiwa kuwa na vifaa vya kuzimia moto. Homer ameshampa jina mkubwa wao, na hana wasiwasi wowote. Wajukuu waligaagaa mkekani kwa kicheko. Baadaye Marge anaona katika daftari la Lanley picha aliyojichora mwenyewe akikimbia na mifuko ya fedha, anaendesha gari hadi North Haverbrook, mji uliotajwa katika wimbo kuwa ulinufaika, na kuukuta umegeuka mahame. Treni inashindwa kusimama siku ya uzinduzi, na mwishowe Homer anaisimamisha kwa kuifunga herufi kubwa ya M kwenye kamba na kuitupa kama nanga. Nanga hiyo inaburuta mji mzima na hatimaye kunasa kwenye sanamu kubwa ya donati. Watu wa Msangamkuu na Mikindani wanaojua nanga watakuwa na mengi ya kusema kuhusu ufundi huo.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe, sauti ndizo zilizonishangaza zaidi. Dan Castellaneta anayemsemea Homer anaweza kumfanya mtu acheke kwa mguno tu, hata asiyejua Kiingereza, na dada yangu ni shahidi. Julie Kavner amempa Marge sauti ya kukwaruza, ya mama aliyechoka ambaye bado hajakata tamaa. Lanley alisemewa na marehemu Phil Hartman, na utapeli wake uko katika ulaini wa sauti zaidi kuliko katika maneno. Picha ni za zamani na haziujazi upana wa televisheni za sasa, jambo ambalo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni lugha. Hakuna tafsiri ya Kiswahili, maneno ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza na yalikwenda mbio, na kuna mizaha ambayo ilitupita kabisa: mwanzoni Homer anatoka kazini akiimba kwa kuigiza katuni nyingine ya zamani, na ndani ya treni yumo mwigizaji Leonard Nimoy akijisemea mwenyewe, na kila anapofungua kinywa inaonekana kwamba Wamarekani wanacheka. Mjukuu alijaribu kutufafanulia, lakini mzaha ukishafafanuliwa huwa kama chai iliyolala. Wazazi wenye watoto wadogo wajue pia kwamba sehemu nyingine za mfululizo huu si laini kama hii. Siku ya pili nilionyeshwa moja ambayo Homer anamkaba mwanawe koo, na nikaizima.

Hata hivyo, lawama yangu kubwa haihusu lugha. Inamhusu Lanley mwenyewe. Waandishi wamemfanya tapeli halisi, mwenye daftari la kukiri na mifuko ya fedha, na kwa kufanya hivyo wametupa watazamaji kitulizo ambacho hatustahili. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa reli ya kusini, ile iliyojengwa kati ya Mtwara na Nachingwea kwa ajili ya Mradi wa Karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, wakaanzia Kongwa, wakaja hadi Nachingwea, na bandari yetu ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikakadiriwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Reli ilibaki bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 iking'olewa, baba alikuwa bado na nguvu. Alilipwa kuyatandika mataruma, akalipwa tena kuyaondoa, na alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kikamilifu. Wale waliokuja na karanga hawakuwa na daftari la siri. Waliziamini hesabu zao, wakaleta matrekta, na hakuna aliyetoroka na mfuko.

Wala sihitaji kwenda mbali hadi kwa baba. Nilipostaafu, ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu Mtwara alizungumzia gesi, na nilichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu nikajenga vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na choo chake ndani, nikiwasubiri wageni wenye mishahara minono. Hakuna aliyeniimbia. Nilijiimbia mwenyewe na nikajiitikia. Leo vyumba viwili vinakaliwa na wanafunzi wa chuo wanaolipa kwa kusuasua, kimoja kina magunia ya mkaa, na katika cha nne ndimo alimolala mjukuu aliyenionyesha katuni hii. Ndiyo maana nilipomwona Lanley akipanda ndege na fedha za watu nilihisi kwamba waandishi wamekimbilia njia nyepesi, ingawa nakubali kwamba kisa cha mji unaojidanganya bila msaada wa mgeni ni kigumu kukitia katika dakika ishirini na mbili na bado watoto wakacheka.

Waandishi wenyewe ni kama walilijua hilo, kwa sababu mwishoni kabisa Marge anasikika akisema kwamba huo ndio upuuzi pekee ambao mji ule uliwahi kuufanya, halafu anaanza kutaja mwingine: ghorofa refu lililojengwa kwa vijiti vya aiskrimu, kioo kikubwa cha kukuzia vitu, na ngazi za umeme zisizofika popote, ambazo watu wanapanda hadi juu na kudondoka mmoja baada ya mwingine. Kwangu huo ndio mzaha bora kuliko yote, na kwa ajili yake naisamehe sehemu kubwa ya lawama yangu.

Majina ya watengenezaji yalipoanza kupita, dada yangu, ambaye kwa muda wote huo nilidhani anasikiliza nusu nusu, aliuliza swali moja. "Mdogo wangu, na ile barabara ya yule mama, waliitengeneza?" Tulitazamana. Mjukuu alirudisha nyuma dakika za mwisho, tukazitazama upya kwa makini, watoto wakinyooshea vidole kila kipande cha lami kilichoonekana. Barabara haikutajwa tena. Dada alitikisa kichwa, akapepeta maganda ya korosho nje ya mlango, na akasema basi turudie toka mwanzo, pengine ilitupita.