Kupiga Windows 11 kwenye SSD ya NVMe: uzoefu wangu

Kwa laptop yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu, SSD ya NVMe (diski inayotumia njia ya kasi ya PCIe) naipendekeza bila kusita. SSD ya SATA, njia ya zamani, hugota kwenye MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe nzuri ya PCIe 3.0 x4 hukaribia MB 3,500. Shughuli ni kuifanya Windows iione.

Kuifunga ni rahisi. Namba 2280 kwenye SSD ni upana wa mm 22 na urefu wa mm 80. Yenye mwanya mmoja kwenye pini zake, upande uitwao M, kwa kawaida ni NVMe; yenye mianya miwili mara nyingi ni SATA, na slotu ya NVMe pekee haitaitambua hata ikiingia barabara. Ichomeke kwa kuiinamisha, ilaze, kaza skrubu taratibu.

Sasa ndipo watu hukwama: BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) inaonyesha SSD kwa jina lake, lakini Windows ikifika pa kuchagua diski, orodha ni tupu. SSD ni nzima. Mashine nyingi za kizazi hicho hutoka kiwandani VMD (kidhibiti cha diski cha Intel, huwashwa na kuzimwa kwenye BIOS) ikiwa imewashwa, na diski hukaa nyuma ya kidhibiti hicho, ambacho flashi ya kupigia Windows mara nyingi haina draiva yake, yaani programu ya kukitambua.

Mimi naona bora kuweka draiva kuliko kuzima VMD. Pakua SetupRST.exe ya Intel, toleo linaloendana na prosesa yako. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, fungua Command Prompt ndani ya folda ulimopakua, andika:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst

Nakili folda yenye iaStorVD.inf kwenye flashi. Kuweka ile .exe yenyewe hakusaidii, maana kinachotafutwa ni .inf. Rudi kwenye orodha tupu, bonyeza kitufe cha kupakia draiva, onyesha folda, na SSD itajitokeza.

Kuzima VMD hakuna shida kama diski ni tupu. Lakini Windows iliyopigwa VMD ikiwa imewashwa, ukizima VMD ghafla itakataa kuwaka na kutoa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usifomati chochote! Iwashe tena VMD.

Ukiambiwa diski ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni), bonyeza Shift+F10, andika diskpart, kisha list disk. Soma ukubwa kwa makini kabla ya select disk, kwa sababu flashi nayo imo humo na diski namba 0 si lazima iwe SSD yako. Amri ya clean huondoa patisheni zote bila kuuliza. Baada ya hapo chagua nafasi tupu tu. Windows itatenga yenyewe MB 100 za EFI (patisheni ya faili za kuwashia) na MB 16 za MSR (nafasi ya akiba ya Windows).

Kama kuna diski ya pili, ichomoe kabla ya kuanza. Ikiwa na EFI yake, faili za kuwashia zinaweza kwenda huko, na siku utakayoiondoa, SSD peke yake haitawaka.

Tumia flashi ya USB 3.0 yenye kasi. Kwenye kunakili faili, inayochelewesha ni flashi, si SSD.